Gari la Stima Lilivyompima Baba

Kwanza kabisa, hakuna mtu aliyegongwa, na hakuna mbuzi aliyekufa. Nasema hivyo mapema kwa sababu tangu turudi nimesikia hadithi za kila namna hapa Majengo. Mwenye bucha anayetazamana na duka langu la mapazia ameniambia kwamba gari la kaka yangu lilimfungia baba ndani likakataa kumtoa. Mteja mmoja alisikia kuwa lilijiendesha lenyewe hadi Kiritiri sisi sote tukiwa tumelala. Nimechoka kusimulia kipande kipande huku nimeshika mkasi, kwa hiyo nimeandika yote, na atakayeuliza nitampa asome mimi niendelee kushona.

Baba yetu aliendesha malori maisha yake yote ya kazi. Alipostaafu alirudi nyumbani Nkubu na pikapu ya kubebea majani ya ng'ombe. Mwaka jana, akitoka sokoni, aliburuta meza ya mwuza nyanya na hakujua mpaka watu walipopiga kelele. Mama alichukua ufunguo wa pikapu akauficha, na tangu siku hiyo nyumba ile haijakuwa na amani. Baba anasema meza iliwekwa barabarani. Mama anasema meza imekuwa pale pale tangu soko lijengwe.

Mutuma, kaka yangu mdogo anayefanya kazi ya ofisi Nairobi, akaja na dawa yake. Amenunua gari la stima, yale ya siku hizi yaliyoinuka kidogo, si kubwa kama ya kwenda mbugani na si dogo kama teksi. Linashika njia lenyewe, linapima umbali na gari la mbele, na dereva akichelewa kufunga breki linafunga lenyewe. Mutuma alitaka kumwachia baba gari hilo alitumie nyumbani. Basi ikapangwa safari ya Kiritiri kumwona Tata Karimi, dada ya baba, ambaye alikuwa ametoka hospitali na mguu mbovu. Baba ataendesha, na sisi tutaona.

Mama aliniita jikoni. "Kawira, wewe enda na wao," akaniambia. "Mutuma ataangalia gari yake, na baba yako ataangalia barabara. Wewe angalia baba yako. Ukirudi uniambie kama anaweza kuendesha ama hawezi. Nitafuata neno lako."

Sikufurahi kupewa kazi hiyo. Kumwambia mwanamume aliyekulisha kwa usukani kwamba usukani sasa basi, ni afadhali utumwe kuchota maji ukiwa na homa.

Nkubu, kabla hata hatujatoka

Mutuma alifika jioni kutoka Nairobi, akapitisha waya mnene dirishani, akalichomeka gari kwenye soketi ya sebuleni ili lilale likichaji. Mama, kama anavyofanya kila siku kabla ya kulala, alizunguka nyumba akichomoa kila kitu: pasi, televisheni, redio, na ule waya mnene. Stima ya kwetu hupotea usiku na ikirudi hurudi na hasira, na mama ameshapoteza televisheni moja kwa njia hiyo.

Asubuhi gari lilikuwa na chini ya nusu.

"Mama! Hiyo ndiyo mafuta yake!" Mutuma alilia.

"Sasa mimi ningejuaje? Waya ni waya," mama akasema, akaendelea kuchuja chai.

Mutuma alipiga hesabu akasema tutafika Embu bila shida, na Embu kuna hoteli yenye chaja. Tukapakia vitu vya Tata, maana huwezi kwenda kumwona mgonjwa mikono mitupu: maziwa, maparachichi, na mkungu wa ndizi uliokaa kando yangu kiti cha nyuma. Tulipoanza kusogea gari likaanza kulia. Mutuma alikagua milango yote. Kumbe lilidhani mkungu ni abiria asiyefunga mkanda. Niliufunga mkanda, likanyamaza, na tukaondoka mimi na ndizi tukiwa tumetii sheria.

Nkubu hadi Chuka

Baba aliendesha vizuri, lazima niseme. Kila kona ya barabara ile anaijua. Shida ilianza Mutuma alipobonyeza kitu na kumwambia, "Sasa Mzee legeza mikono. Wacha ikuonyeshe."

Baba alilegeza. Usukani ukajizungusha taratibu kwenye kona kana kwamba kuna mtu asiyeonekana amekaa mapajani mwake. Mimi nilikuwa nimeshika ndizi. Punde sauti ya mwanamke ikatoka mbele, kwa Kiingereza cha ng'ambo, ikimtaka ashike usukani.

"Huyu ni nani?" baba akauliza.

"Ni gari, Mzee. Inataka ujue bado wewe ndiye dereva."

"Si umeniambia nilegeze? Sasa yeye anasema nishike. Ongeeni kwanza nyinyi wawili, mkubaliane, halafu mniambie."

Tulipofika penye maduka, gari likaenda moja kwa moja juu ya tuta ambalo halijapakwa rangi. Tuliruka sote, ndizi pia. Tuta lililofuata baba alilikanyagia breki mapema yeye mwenyewe, akaligusa taratibu, akamtazama Mutuma. Mutuma akasema kampuni itarekebisha. Baba akauliza kama kampuni itakuja kupaka matuta rangi.

Chuka tulisimama kwa chai na viazi vitamu. Kijana aliyetuuzia alizunguka gari akitafuta bomba la moshi, na hakuliona. Aliuliza linakula nini, nikamwambia stima, akacheka akidhani namtania.

Chuka hadi Embu

Hapa ndipo mahali nilipompa baba alama zote.

Barabara inashuka kwenye mto Thuci kwa kona zilizofuatana, upande mmoja mlima na upande mwingine bonde. Gari lilikuwa linajiendesha, Mutuma akiwa na furaha kwa sababu mistari ya barabara pale bado inaonekana. Ghafla baba alishika usukani na kukanyaga breki, polepole lakini kwa uzito. Yule mwanamke wa ndani hakuwa amesema kitu. Mutuma aliinua kichwa kutoka kwa simu.

"Nini, Mzee?"

"Matawi."

Kweli, barabarani kulikuwa na matawi mabichi yamevunjwa na kutupwa, moja hapa, jingine mbele kidogo. Kila mtu wa kwetu anajua maana yake: kuna gari limeharibika mbele na mwenyewe hana kitu kingine cha kuweka. Tulipozunguka kona tukakuta lori la ndizi limekaa katikati, magurudumu yamewekewa mawe, na watu wako chini yake. Nafasi ya kupita ilikuwa ya gari moja, na basi lilikuwa linapanda kutoka chini.

Baba alisubiri basi lipite, akasalimiana na wenye lori kupitia dirishani, akauliza kilichovunjika. Akawaambia waongeze matawi upande wa juu.

"Hii gari yako imesoma sana," akamwambia Mutuma tulipoondoka, "lakini haijui kusoma matawi."

Mutuma alikubali. Alisema tu kwamba ingeliona lori lenyewe na kusimama. Labda. Mimi niliangalia ule mteremko na ile kona, na sikutaka kujua. Nilianza kupanga nitakavyomwambia mama kwamba amemwonea mumewe.

Embu, na kupanda Kianjokoma

Embu mji mzima haukuwa na stima. Hotelini chaja ilikuwepo, nzuri, imepakwa rangi ya kijani, na mlinzi amekaa kando yake akisoma gazeti. "Imeenda asubuhi," akatuambia. "Inaweza rudi saa hii, inaweza rudi kesho." Alitushauri tuagize chakula tungoje. Tuliagiza, tukala, na stima haikuja.

Baba alikumbuka mwenye posho mill, mashine ya kusaga unga, huko Kianjokoma, ambaye yeye baba zamani alikuwa akimpelekea mahindi kwa lori. Alimpigia simu, na huko juu stima ilikuwepo. Mutuma hakutaka kupanda mlima na ile chaji iliyobaki. Baba alimwambia akipanda atapata stima, na akikaa atapata gazeti la mlinzi.

Tulifika Kianjokoma bila feni wala redio, Mutuma akitazama namba zinavyopungua. Mwenye mashine, mzee mwenye unga hadi kwenye nyusi, alitupokea kama ndugu. Tukachomeka. Lakini kila alipowasha mashine ya kusaga, gari lilikataa kuchaji, na foleni ya akina mama wenye mahindi ilikuwa ndefu.

"Hii gari inasaga nini?" mama mmoja akauliza. "Tangu ifike hakuna unga imetoka."

Ilibidi tugawane. Wanasaga madebe kadhaa, wanazima, gari linakula, halafu wanawasha tena. Mutuma alijaribu kuwaeleza kuhusu volti. Walimsikiliza kwa adabu na kumwambia watoto wanangoja ugali. Mwishowe alishika beseni akaanza kuwasaidia kumimina mahindi ili foleni iishe haraka, shati lake la ofisi likageuka jeupe kabisa.

Huko juu ni baridi, tukaletewa chai na nduma. Binti wa mwenye mashine alimnyooshea baba kikombe kutoka upande wa kushoto. Baba aliendelea kuongea. Yule binti alisimama pale na kikombe kinachotoa mvuke mpaka akazunguka, akampa upande wa kulia. Niliona. Nikajiambia chumba kina vumbi na giza, na baba akianza habari za malori hasikii kitu kingine.

Kushuka Kiritiri

Kutoka Kianjokoma hadi Embu, na kutoka Embu hadi Kiritiri, ni kushuka. Mutuma alifurahi kwa sababu gari likishuka linarudisha chaji kidogo. Nilivua sweta Embu, na tulipopita Gachoka nilikuwa natamani kuvua na viatu. Huko chini nchi ni kavu, miti mifupi, na mbuzi wanajiona wenye barabara.

Sasa hii ndiyo habari ya mbuzi. Walikuwa wamelala kwenye lami. Gari lingine lingesikika kwa mngurumo wakaamka, lakini letu halina sauti, na mbuzi hawakujua tumefika. Gari likasimama lenyewe mbele yao, nao wakaendelea kutafuna. Wanaume waliokuwa wakiuza muguka, yale majani ya kutafuna, kando ya barabara waliona gari limesimama kimya, wakaacha biashara yao na kutujia mbio.

"Imezima? Haya, mzee, weka gia, tusukume!"

Kabla Mutuma hajafungua mdomo walikuwa wamekwisha kuinamia nyuma ya gari. Baba alicheka mpaka akafuta machozi. Mbuzi waliondolewa, watu wakasukuma, na baba akakanyaga kidogo gari likaenda zake. Walishangilia kwamba wamelifufua. Baba aliwapungia mkono kwa shukrani na akatukataza kuwaambia ukweli.

Tata Karimi alikuwa amekaa nje, mguu juu ya kigoda. Alilia alipomwona baba, halafu akamgombeza kwa kuchelewa, kuku alikuwa amepikwa tangu mchana. Tulikula kuku, kunde na ugali wa mtama. Baba alisimulia habari ya matawi, na Tata akamtazama mdogo wake kwa fahari kubwa. "Baba yenu ni dereva," akatuambia, kana kwamba tulikuwa tumebisha. Mutuma alilala karibu na soketi.

Kutoka Kiritiri

Asubuhi baba alikuwa mtu mwingine. Alinyoa ndevu, akafuta vioo vya gari yeye mwenyewe, akaketi kwenye usukani.

"Leo nataka kuendesha kama mtu. Zima huyo mwanamke, na wenzake wote."

Mutuma alibonyeza kioo kwa muda. "Tayari, Mzee."

Tulimuaga Tata. Barabara huko imenyooka, na msimu huu watu wamevuna ndengu, yaani choroko. Wanazianika ukingoni mwa lami kwa sababu lami inashika joto, wanaweka mawe kuzunguka turubai ili magari yasikanyage. Madereva wote wanajua kukwepa. Baba alikuwa anasimulia jinsi alivyowahi kulala njiani na shehena ya saruji akiilinda mvua isiinyeshee, na sauti yake ilikuwa ile ya zamani, ya wakati tukiwa watoto. Nilikuwa na furaha. Ndani yangu jibu la mama lilikuwa tayari: anaweza.

Mbele, upande wa kushoto, mwanamke alikuwa amechuchumaa akizoa ndengu kwa mikono, ametugeuzia mgongo, leso yake ya rangi ya udongo. Nilimwona tukiwa bado mbali. Nilijua baba amemwona pia. Tukakaribia, na gari halikwenda kulia wala halikupunguza mwendo, na baba bado alikuwa kwenye saruji yake. Nilinyoosha mkono kumshika bega.

Gari likafunga breki. Mkanda ulinikaba kifua, kitu kikalia kwa nguvu, na tukasimama. Gurudumu la mbele lilikuwa juu ya yale mawe.

 Baba akageuka kwa Mutuma, amekasirika.

"Ni nini? Mbona imesimama?"

Alikuwa bado hajamwona.

"Baba, kuna mtu," nikasema.

"Wapi?"

Mwanamke alikuwa amesimama, mkono kifuani, pale pale mbele ya taa ya kushoto. Baba alitazama barabara, akatazama kulia, halafu akageuza kichwa chote, pamoja na mabega, ndipo akamwona. Sijawahi kuona uso wa baba ukiwa vile na sitaki kuuona tena.

"Si nilisema zima yote?" akauliza, polepole.

"Nilizima zile zingine," Mutuma akajibu bila kumtazama. "Breki niliacha."

Baba alishuka. Sisi tulimfuata. Yule mama alikuwa anatabasamu, kama watu wanavyofanya mambo yakiwapita karibu.

"Asante sana, mzee. Mungu akubariki. Hapa watu hupita tu juu ya ndengu zetu, hata hawatuoni. Wewe ni dereva!" Akachota ndengu kwa bakuli, akamnyooshea. "Chukua, upelekee mama nyumbani. Usikatae."

Baba alilipokea bakuli kwa mikono miwili. Nilidhani atashukuru na tuondoke. Nani angemlaumu? Alisimama nalo, kisha akamrudishia.

"Mama, siwezi kuchukua. Mimi sikukuona. Si mimi nilisimamisha gari."

Yule mama akacheka. "Sasa ni nani?"

"Ni hiyo gari."

Alilitazama gari, akamtazama baba, hakuelewa. Akaona labda mzee anamaanisha kijana aliyesimama kando yake, basi akampa Mutuma bakuli na kumbariki yeye. Mutuma alilishika bila kujua aweke wapi macho.

Tulimsaidia kuzoa zilizokanyagwa. Baba alipiga magoti kwenye lami, akaziokota punje kwa punje hata zilizoingia chini ya gurudumu. Alipoinuka alikwenda moja kwa moja mlango wa nyuma.

"Kawira, kuja uendeshe."

Hadi nyumbani

Niliendesha mpaka Embu, ambako stima ilikuwa imerudi na mlinzi alikuwa na gazeti jipya.  Tulipokuwa tukichaji, Mutuma alijaribu.

"Mzee, lakini umeona? Imefanya kazi yake. Ukiwa na hii gari unaweza endelea tu. Ukikosa kuona, yenyewe inaona."

"Jana yale matawi, nani aliyaona?"

"Ni wewe."

"Na huyu mama wa leo?"

Mutuma akageuka kutazama namba za chaji.

"Jana gari ililala, mimi nikiwa macho," baba akasema. "Leo mimi nimelala, gari ikiwa macho. Siku tutalala wote wawili, nani atamwambia mwenye ndengu?"

 Swali hilo nimelifikiria sana nikiwa kwenye cherehani. Kama Mutuma angemtii baba na kuzima breki, tungekuwa na maiti. Kama baba angelitii gari pale Thuci, pengine sisi ndio tungekuwa maiti. Daktari wa macho tuliyempeleka baadaye amesema jicho la kushoto lilianza kwenda zamani, polepole, bila maumivu, na mtu huzoea kugeuza kichwa bila kujua anageuza. Ile meza ya nyanya ilikuwa upande wa kushoto.

Njia yote kutoka Embu hadi Nkubu nilikuwa natafuta maneno. Nimwambie mama nini, na kwa sauti gani, baba akiwa wapi. Nilipanga kumwita jikoni, nimwambie kwa upole, nimsihi asimwambie baba kwamba ni mimi niliyesema.

Mama alikuwa getini. Alinitazama mimi kwanza, akingoja. Baba alishuka kabla sijazima gari, akasimama mbele yake.

"Sikumwona," akasema.

"Nani?"

"Mtu. Alikuwa hapa mbele yangu, mchana, na sikumwona. Hiyo ufunguo usiwahi kunipatia, hata nikikuomba. Hata nikikasirika."

Mama alikuwa amepigania neno hilo mwaka mzima, kwa maneno makali na kwa kununa, na nilidhani atashukuru Mungu. Aliketi chini pale getini, kwenye nyasi, akalia kama mtu aliyeletewa habari ya msiba. Baba akaketi kando yake.